Vipimo vya maabara kwa afya ya mwili wote: anza na swali, sindano itafuata

Siku hizi kupima imekuwa rahisi mno. Unaagiza kifurushi cha vipimo 60 au 100 kwa mpigo, unatoa damu, mkojo, choo, mate, wengine mpaka nywele, afu siku chache baadaye unaletewa ripoti ya kurasa kibao yenye nyekundu, njano na kijani, na hapo ndo kizungumkuti kinapoanza, manake hakuna aliyekaa na wewe kukwambia nyekundu ipi ni ya kukimbilia hospitali, ipi ni ya kusubiri na ipi ni makelele tu. Mtu analala na mawazo, asubuhi anaamka anaagiza makopo ya saplimenti.

Mi niko upande wa maabara, upande wa mirija na mashine, na wala sipingi watu kupima. Wazo lenyewe la kupima utendaji wa mwili, hili wanaloliita functional medicine, yaani tiba ya mwili wote, ambalo Jeffrey Bland, mtaalamu wa biokemia, na wenzake kule Marekani walilifungulia taasisi mwaka 1991, lina mantiki yake: usisubiri ugonjwa ukomae, na usimgawe mgonjwa vipande, tumbo kwa daktari huyu, ngozi kwa yule, usingizi hakuna wa kuuliza. Sawa kabisa. Ila kipimo hakikujui wewe. Kinajibu kile ulichokiuliza, na usipouliza kitu kitajibu hivohivo, ndo balaa lake.

Kwa hiyo nitaenda kwa mpangilio ninaoona unamsaidia mtu, kuanzia kabla ya sindano mpaka kurudia kupima.

Kabla hujaenda maabara, shika kalamu

Wiki mbili zinatosha. Andika unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, unajisikiaje asubuhi na jioni, unaenda choo mara ngapi na kinafananaje, hedhi kama unapata (siku ngapi, nzito kiasi gani, pedi inajaa baada ya muda gani), dawa zote unazomeza pamoja na za asili na vitamini za kopo, uzito, presha kama una mashine nyumbani, pombe bila kudanganya, na magonjwa ya ukoo, yaani mama, baba, ndugu wa damu, nani ana kisukari, nani ana tezi ya shingo (thyroid), nani alifariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. Hii karatasi mara nyingi inasaidia kuliko kipimo chochote nitakachokitaja huko chini, na haina gharama, labda ndo maana hakuna anayeitangaza.

Ukishaandika, geuza malalamiko yawe swali. "Nachoka sana" bado sio swali, uchovu una sababu mia. Lakini mwanamke anayechoka, hedhi yake nzito ya siku saba, nywele zinakatika na anajikuta anatamani kutafuna barafu, huyo swali lake liko wazi: akiba ya madini ya chuma ikoje? Mwanaume anayechoka, shingo nene, anakoroma mpaka mwenzie anahama chumba, anasinzia mchana akiwa amekaa, huyo hata ukimpima damu lita nzima unaweza usione kitu, kwa sababu kinachotakiwa kuangaliwa ni pumzi yake usiku, anahitaji kipimo cha usingizi. Na yule ambaye uchovu ulianza mwezi ule ule alioanza dawa mpya, aanze kuuliza kuhusu dawa.

Afu kuna chujio moja ambalo natamani kila mtu alitumie. Kwa kila kipimo unachotaka kufanya jiulize: kikija juu nitafanya nini, kikija chini nitafanya nini, kikija kawaida nitafanya nini. Kama majibu yote matatu ni lile lile, tuseme "nitalala mapema na kupunguza sukari", basi lala mapema na upunguze sukari, hicho kipimo kiache.

Vipimo vya kawaida kwanza, vya ajabu baadaye

Watu wanaruka hapa. Wanataka kipimo cha bakteria wa tumboni wakati hata picha kamili ya damu hawajawahi kufanya. Kwa mtu mzima mwenye malalamiko ya jumla jumla, vingi vya maana viko kwenye vipimo vya kawaida ambavyo maabara yoyote nzuri inafanya: picha kamili ya damu, feritini, sukari na HbA1c (sukari ya miezi michache iliyopita), figo na ini, mafuta ya damu, TSH (homoni inayoiamuru tezi ya shingo), mkojo, na kulingana na historia yako vitamini B12, vitamini D na CRP (inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, yaani uvimbe wa mwili kujihami). Tofauti ya kuangalia mwili wote iko kwenye namna ya kuvisoma, yaani unavisoma vikiwa pamoja, kimoja kinamsuta mwenzie.

Nionyeshe kwa feritini maana hapa ndo pamenoga. Feritini inaonyesha akiba ya chuma. Mtu anaweza kuwa na hemoglobini nzuri tu, akaambiwa "damu yako iko sawa", kumbe ghala limeshaanza kuwa tupu, kwa sababu mwili unamaliza akiba kwanza ndo hemoglobini inashuka baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema feritini chini ya 15 (maikrogramu kwa lita) kwa mtu mzima mwenye afya ni upungufu wa chuma. Ila feritini ina tabia moja mbaya, inapanda mwili ukiwa na maambukizi au inflamesheni, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na chuma kidogo na feritini ikasoma 50 ikaonekana iko poa. Ndo maana shirika hilohilo linaweka mstari kwenye 70 kwa mtu mwenye maambukizi au inflamesheni. Sasa utajuaje? Unaangalia CRP iliyopimwa siku ileile. CRP iko chini, iamini feritini. CRP iko juu, feritini ya 50 usiifurahie.

Haijaishia hapo. Ukikuta chuma kimeisha, kumeza vidonge vya chuma ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua kinapotelea wapi. Hedhi nzito? Minyoo ya safura? Anachangia damu mara kwa mara? Ana vidonda vya tumbo? Utumbo haunyonyi? Na mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma usio na maelezo anatakiwa kuchunguzwa tumbo na utumbo, kwa sababu anaweza kuwa anavuja damu kidogo kidogo ndani na saa nyingine chanzo ni saratani. Mtaalamu anayekuuzia kopo la chuma bila kuuliza chuma kimeenda wapi, hata ajiite wa tiba ya mwili wote, huyo hajaangalia mwili wote.

Na chuma kinaharibu mpaka jibu la jirani yake. HbA1c inapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe nyekundu inaishi takriban siku 120, inakupa picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Chini ya 5.7% ni kawaida, 5.7 mpaka 6.4 ni hatua ya kuelekea kisukari, 6.5 kwenda juu ni kisukari ikithibitishwa. Lakini mtu mwenye upungufu wa chuma HbA1c yake inaweza kupanda bila sukari kupanda, na mwenye selimundu au ugonjwa wowote unaofanya chembe zife mapema yake inasoma chini hata kama sukari inamla. Kwa hao pima sukari yenyewe ya asubuhi kabla ya kula: chini ya 5.6 (milimoli kwa lita) ni kawaida kwa viwango vya Marekani, 7.0 kwenda juu ni kisukari, tena irudiwe siku nyingine kuthibitisha. Kwa hiyo HbA1c bila picha ya damu pembeni, mi naisoma kwa mashaka kidogo.

Vingine nitavipitia haraka. B12: pima kama huli kabisa vyakula vya wanyama, kama unameza metformin (dawa ya kisukari) muda mrefu, au zile dawa za kupunguza asidi tumboni kwa miaka. Usianze kumeza foliki asidi dozi kubwa kabla ya kujua B12 yako, maana inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuumia chini kwa chini. TSH: ndo mlango wa kuingilia kwenye mambo ya tezi, ikiwa sawa na huna dalili wala dawa za tezi, mara nyingi hauhitaji ule mlolongo wa vipimo sita vya tezi. Mafuta ya damu: angalia LDL (kolesteroli mbaya) na triglisaraidi (aina nyingine ya mafuta) pamoja na presha, sukari, sigara na ukoo, peke yake jumla ya kolesteroli haikwambii kitu cha maana. Vitamini D: kama hupati jua, unavaa ukajifunika mwili wote, una mifupa inayouma, pima, kama huna sababu yoyote, hapana.

Siku ya kupima

Hapa ndo majibu mengi yanaharibika, tena kabla sampuli haijagusa mashine.

Biotini, vitamini ya kundi B. Nitaanza na hii kwa sababu wanaopenda vipimo ndo haohao wanaopenda saplimenti za nywele na kucha, na zile zimejaa biotini. Mashine nyingi za homoni zinatumia biotini ndani ya mfumo wake wa kukamata kile kinachopimwa, kwa hiyo damu yako ikija imejaa biotini inavuruga hesabu, TSH inasoma chini na homoni ya tezi inasoma juu, kwenye karatasi unaonekana una tezi iliyopitiliza kumbe huna lolote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017, na sio tezi tu, hata troponini ambayo inatumika kumgundua mwenye shambulio la moyo inaweza kusoma chini. Iache angalau siku mbili kabla, na kama unameza dozi kubwa sana ulizia maabara, inaweza kutaka siku zaidi.

Mazoezi makali. Ukinyanyua vyuma jana, leo vimeng'enya vya AST na ALT vinaweza kuja juu na daktari akafikiri ini, kumbe ni misuli. Tulia kama wiki nzima. Kreatinini, kipimo cha figo, nayo inapanda kwa mwenye misuli mingi, anayemeza kreatini ya jim, au aliyekula sana nyama iliyopikwa, na hapo figo zinasingiziwa.

Kama umeambiwa ufunge, ni masaa 8 mpaka 12 na maji unaruhusiwa, tena kunywa kabisa, mshipa uonekane. Watu wanafunga masaa 16 wakidhani ndo itakuwa safi zaidi, hapana. Vidonge vya chuma usimeze asubuhi hiyo kama unapimwa chuma. Lakini dawa zako za presha, kisukari au kifafa usiziache kwa kujiamulia, uliza kwanza.

Saa nayo ina mambo yake. Kortisoli, homoni ya msongo, iko juu asubuhi na chini kabisa usiku wa manane, testosteroni inapimwa asubuhi, projesteroni, homoni inayopanda yai likishapevuka, inapimwa siku kama 7 kabla ya hedhi inayofuata, ndo ile wanaita siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na kama mzunguko wako ni wa siku 35 basi siku ya 21 itakudanganya kwamba haupevushi yai. Usipime chochote cha maana ukiwa na homa au mafua, subiri upone wiki mbili.

Halafu hizi mbili zinaumiza wengi. Moja, umeanza kuacha ngano kwa sababu tumbo linajaa gesi, unajisikia nafuu, miezi mitatu baadaye unaamua upime ugonjwa wa seliaki, ule wa utumbo kuumizwa na gluteni, protini ya ngano. Kipimo kile kinatafuta antibodi ambazo mwili unatengeneza ukiwa unakula gluteni, umeshaacha, antibodi zimeshuka, jibu linakuja hauna na unabaki gizani. Pima kwanza, acha baadaye. Mbili, kipimo cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, cha choo au cha pumzi: dawa za kupunguza asidi kama omeprazole ziachwe wiki mbili kabla, kwa ushauri wa aliyekuandikia, na antibiotiki wiki nne, vinginevyo bakteria anajificha na unaambiwa hayupo.

Ukikaa kwenye kile kiti, angalia mkono wako. Mpira wa kufunga usikae zaidi ya dakika moja hivi, na usiambiwe ukunje na kukunjua ngumi mara kumi kumi, kwa sababu misuli inamwaga potasiamu na jibu linapanda. Mrija wenye kizibo cha zambarau una dawa inayoitwa EDTA, yenyewe imebeba potasiamu na inakamata kalsiamu, kwa hiyo kuna yule anayemimina damu kutoka zambarau kwenda mrija mwingine kwa kuwa ilikuwa pungufu, basi potasiamu inakuja juu ya kutisha na kalsiamu inakuja chini ya kutisha, mgonjwa anaitwa usiku arudi hospitali haraka, na yuko mzima anaangalia tamthilia. Damu ya kupima sukari inatakiwa iende kwenye mrija wa kijivu au ifanyiwe kazi haraka, kwa sababu chembe zinaendelea kula sukari ndani ya mrija, inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Na ukiona kwenye ripoti wameandika sampuli ilikuwa hemolaizi, maana yake chembe zilipasuka, potasiamu na AST za siku hiyo usizihesabu, rudia. Maabara nayo uliza kama ina ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, wakikuangalia kama umetoka mwezini tafuta nyingine.

Kusoma ripoti bila kupata presha

Renji ya kawaida inapatikana hivi: wanachukuliwa watu wenye afya, wanapimwa, wanakata 2.5% ya juu na 2.5% ya chini, katikati panabaki 95%. Kwa hiyo kwa hesabu tu, mtu mmoja kati ya 20 wenye afya yuko nje ya renji na hana tatizo. Sasa wewe umepima vitu 20 visivyohusiana, uwezekano wa kupata angalau nyekundu moja ukiwa mzima wa afya ni kama 64%. Ukipima 100 ni karibu lazima. Hapo ndo uelewe kwa nini kifurushi kikubwa hakikosi cha kukuuzia.

Kuna hili suala la renji bora, zile zinazobanwa kuliko za maabara, mfano TSH ya maabara ni kama 0.4 mpaka 4.0 halafu mtu anakwambia ya kwako ya 2.6 ni mbaya inatakiwa isizidi 2. Baadhi ya hizo zina hoja, kwa mfano feritini ya 18 kwa mwanamke anayechoka na nywele zinakatika, madaktari wengi tu wanaitibu ingawa maabara imeiwekea kijani. Nyingine hazina mguu wa kusimamia. Swali la kumuuliza anayekupa hiyo renji: kuna watu waliotibiwa kwa kiwango hiki wakapona zaidi ya wasiotibiwa? Akijibu kwa hadithi, umeshajua.

Mimi naamini mwelekeo kuliko namba moja. Triglisaraidi zinaweza kupishana kwa kama asilimia 20 bila wewe kubadili kitu, CRP inaruka zaidi ya hapo, TSH nayo inacheza. TSH kutoka 1.9 kwenda 2.3 sio habari. Hemoglobini ya mwanamke iliyokuwa 14, ikaja 13, ikaja 12.1 ndani ya miaka miwili, zote kijani, hiyo ndo habari, na hakuna mashine itakayokuwekea nyekundu.

Angalia na vipimio. Sukari ya 5.5 na ya 99 ni ileile, moja iko kwa milimoli na nyingine kwa miligramu, unazidisha kwa 18. Vitamini D ya 20 kwa nanogramu ni 50 kwa nanomoli, unazidisha kwa 2.5. Nimeona mtu ana 48 ya nanomoli anasherehekea kwa sababu amesoma mahali kwamba 40 inatosha, na aliyeandika alikuwa anaongelea nanogramu.

Vipimo ninavyokushauri uviweke pembeni

Kipimo cha IgG (aina ya antibodi) cha vyakula, kile kinacholeta orodha ya vyakula 200 na vijidoti vyekundu. IgG inaonyesha umekula hicho chakula, mwili umekizoea. Vyama vya madaktari wa aleji vya Ulaya, Marekani na Kanada vyote vimesema kisitumike kutafuta aleji wala kutokupatana na chakula. Nimeona watu wameacha vyakula 30 kwa hiyo karatasi, wanakonda, wanaogopa sahani. Ukihisi chakula kinakusumbua, kiache wiki tatu nne, kirudishe, uone, kimoja kimoja, andika kwenye ile karatasi yako. Isipokuwa kama kinakuvimbisha midomo au kubana pumzi, hicho usijaribu nyumbani, nenda kwa daktari wa aleji.

Madini kwenye nywele. Mwaka 2001 jarida la madaktari la JAMA lilitoa utafiti, nywele za mtu mmoja mwenye afya ziligawanywa zikapelekwa maabara sita, na majibu yakatofautiana vibaya mpaka ushauri waliopewa ukagongana. Nywele zina maana kwa mambo machache, kama kuchunguza zebaki ya muda mrefu, lakini sio kupangiwa saplimenti.

Mkojo wa metali nzito baada ya kunyweshwa dawa ya kuzitoa. Ukimpa mtu yeyote ile dawa, mkojo wake utatoa metali zaidi, halafu jibu linalinganishwa na renji ya watu ambao hawakunywa dawa. Lazima uonekane umejaa sumu. Chama cha madaktari wa sumu cha Marekani kimekikataa. Kama una sababu ya kuhofia risasi, labda unafanya kazi na betri au rangi, pima risasi kwenye damu, basi. Na kama unapima aseniki usile samaki wala vitu vya baharini siku kadhaa kabla, vina aseniki isiyo na madhara inayopandisha namba.

Kortisoli ya mate mara nne kwa siku ili uambiwe tezi za juu ya figo zimechoka. Wataalamu wa homoni hawautambui huo kama ugonjwa. Mate ya usiku wa manane yana kazi halali, kutafuta ugonjwa wa Cushing (kortisoli kupita kiasi), na upungufu wa kweli wa tezi hizo upo, unaitwa Addison, unaua, na unapimwa kwa damu ya asubuhi na kipimo cha kuichochea tezi. Uchovu wa mtu ni wa kweli, hilo sibishi, jina walilompa ndo linamfanya aache kutafuta.

Bakteria wa tumboni kwa choo: inavutia, sayansi inakua, ila hakuna anayejua bado choo cha kawaida kina bakteria gani kwa kiasi gani. Kama tumbo linakusumbua kweli, kalprotektini ya choo inasaidia zaidi, inaonyesha kama utumbo una inflamesheni. Damu kwenye choo ukiiona kwa macho, au umekonda bila kutaka, usipime choo cha kuagiza kwa posta, nenda hospitali.

Baada ya majibu

Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukianza chuma, vitamini D, magnesiamu na dawa ya kulalia siku moja, ukipata nafuu hujui nani kakusaidia na ukiharisha hujui nani kakuharibu. Na saplimenti sio maji: B6 ikizidi muda mrefu inaleta ganzi miguuni, zinki nyingi inafukuza shaba mpaka damu inapungua, vitamini D ikipitiliza inapandisha kalsiamu na kuumiza figo, na chuma kwa mtu ambaye tayari feritini iko juu ni kumwongezea mzigo kwenye ini. Ukimeza chuma, tafiti zimeonyesha ukimeza siku moja na kuruka siku moja utumbo unakinyonya vizuri zaidi, na tumbo linapata ahueni.

Kurudia kupima kuna muda wake. HbA1c miezi mitatu, kabla ya hapo unasoma sukari ya zamani. TSH wiki 6 mpaka 8 baada ya kubadili dozi. Vitamini D na feritini kama miezi mitatu. Mafuta ya damu wiki 4 mpaka 12. CRP ikizidi 10 mara nyingi kuna maambukizi, rudia baada ya wiki mbili hivi kabla hujaanza kuogopa moyo, maana CRP inatumika pia kukadiria hatari ya moyo. Rudia maabara ileile na muda uleule wa siku ukiweza, mashine zinatofautiana.

Kwa daktari usiende na ripoti ya kurasa 40, dakika zake ni chache na atakasirika, atatupa hata kile cha maana. Nenda na ukurasa mmoja: dalili zako, dawa zote pamoja na saplimenti, vipimo vitatu vinne vilivyokushtua pamoja na tarehe na vipimio vyake, na swali, kuna kitu hapa kinachobadilisha matibabu yangu? Na dawa usiache kwa sababu karatasi imekuja kijani. Hii naiona sana kwa watu wa tezi na wa presha. TSH ikisoma 2 huku unameza levothyroxine (homoni ya tezi ya kidonge), maana yake dozi imekaa sawa, tezi yenyewe iko vilevile, na ukiacha vidonge, ndani ya wiki chache namba inaanza kupanda tena.